Nina wa Mto Kongo na Mkono Uliolala

Samaki anayepiga

Kwenye maporomoko ya Boyoma, karibu na mji wetu wa Kisangani, pale wavuvi Wagenia wanaposimika nguzo zao katikati ya mkondo na kuning'iniza migono mikubwa, kuna samaki ambaye anayemjua hatii mkono kapuni ovyo. Watu wa mto humwita nina. Ni jamii ya kambale: hana magamba, ngozi yake laini ina madoa meusi, na akiguswa hupiga. Mkubwa wake hutoa umeme unaofikia volti 350, na aliyepigwa hubaki ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, akingoja ganzi iishe.

Samaki wa jamii hiyo amechongwa ukutani katika kaburi la ofisa Ti huko Saqqara, Misri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waroma nao walikuwa na samaki wao wa umeme, wa baharini. Kwenye mwaka 47 hivi, Scribonius Largus, tabibu wa zama za Kaisari Claudius, aliandika kwamba mwenye maumivu sugu ya kichwa awekewe samaki huyo hai juu ya sehemu inayouma hadi pafe ganzi. Tiba ya kupitisha umeme kichwani imeanzia hapo, kwa kadiri ya maandishi tuliyo nayo.

Nimeanza na nina kwa sababu ya mama yangu mdogo. Asubuhi moja huko Lubunga, ng'ambo ya mto, aliamka mkono wake wa kushoto hausikii, na mdomo umekwenda upande. Akatuambia, "Ni kama nimepigwa na nina, ila ganzi haiishi." Jirani mmoja alisema ametupiwa kitu. Mwingine alisema ni upepo mbaya. Tulimvusha mto kwa mtumbwi, tukampakia kwenye toleka, ile baiskeli ya abiria ambayo Kisangani nzima inaijua, mimi nikimshikilia kwa nyuma asianguke. Kilikuwa kiharusi: mshipa wa damu wa ubongo ulikuwa umeziba, na sehemu ya ubongo iliyoendesha mkono ule ilikuwa imekosa damu. Wataalamu wamekadiria kwamba katika kiharusi cha namna hiyo seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Mto peke yake ulitula karibu saa nzima.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kama umeme unaweza kuuamsha mkono uliolala. Wengi wamejiuliza hivyo kabla yangu, na jibu lao lilichukua zaidi ya miaka 200 kupatikana.

1791–1874: Chura, mbwa na Mary Rafferty

Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna, Italia, alichapisha habari za miguu ya chura iliyorukaruka ilipoguswa kwa metali mbili tofauti. Alidai kwamba mwili wa mnyama una umeme wake wenyewe. Mpwa wake, Giovanni Aldini, aliufanya ugunduzi huo kuwa maonyesho: mwaka 1803 huko London alipitisha umeme katika maiti ya George Forster, mtu aliyekuwa ametoka kunyongwa, na watazamaji wakaona taya likitikisika na jicho likifunguka. Ulaya ilishangaa sana, lakini maonyesho hayo hayakumponya mgonjwa yeyote.

Maarifa ya kufaa yalikuja mwaka 1870. Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, madaktari wawili wa Berlin, walifungua fuvu la mbwa nyumbani kwa Hitzig na kuugusa ubongo kwa umeme hafifu. Walipogusa sehemu moja, mguu wa mbele wa upande wa pili ulicheza. Waliposogea kidogo, ukacheza mguu wa nyuma. Mpaka hapo wasomi wengi walikuwa wakiamini kwamba gamba la ubongo ni la fikra tu, halina kazi ya kuendesha viungo. Kumbe lina ramani, na ramani hiyo imepishana: upande wa kulia wa ubongo huendesha mkono wa kushoto.

Miaka minne baadaye jambo hilo lilifanyiwa mtu. Mary Rafferty, mwanamke aliyelazwa Cincinnati, Marekani, alikuwa na kidonda cha kansa kilichokuwa kimekula fuvu hadi ubongo ukaonekana. Daktari Roberts Bartholow alichomeka sindano za umeme ndani ya ubongo ule. Mkono wa upande wa pili ulinyooka. Akaongeza umeme, na mwanamke akapatwa na degedege. Siku chache baadaye akafariki. Madaktari wenzake walimlaani Bartholow, na ilikuwa haki yao. Namtaja Mary Rafferty kwa jina kwa sababu vitabu vingi humtaja daktari, kisha yeye vikamwita "mgonjwa".

1877–1938: Mji wa mtoni na miguu iliyofungwa

Bartholow alipokuwa akilaumiwa, mji wetu ulikuwa bado haujapata jina la kigeni. Henry Morton Stanley alifika kwenye maporomoko Januari 1877, na mwaka 1883 akaweka kituo. Mwaka 1887 Tippu Tip wa Unguja alifanywa liwali wa eneo hilo kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Kiswahili ninachoandika hapa kiliteremka na mto Lualaba pamoja na misafara ya watu wake, misafara ileile iliyobeba pembe na minyororo ya watumwa.

Katika tiba ya wakoloni, magonjwa ya ubongo hayakupewa nafasi kubwa. Malale na ndui ndiyo yaliyowashughulisha. Lakini mwaka 1938 daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, alitoa taarifa kutoka Kwango, kusini-magharibi ya nchi, kuhusu ugonjwa ambao wenyeji Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu mzima wa afya huanza safari au kazi, na ghafla miguu yote miwili inakakamaa. Haimuui wala haizidi, ila haimwachi. Miaka hamsini na zaidi baadaye, konzo ndiyo iliyoziingiza Afrika Mashariki na Kongo katika historia ya kuchochea ubongo kwa sumaku.

1924–1985: Kuusikiliza ubongo, kisha kuugonga bila kupasua

Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alikuwa askari kijana mwaka 1893 alipoanguka na farasi wake na kunusurika kukanyagwa na mzinga. Jioni ileile alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake: dada yake, akiwa mbali, alikuwa ameingiwa na hofu kwamba kaka yupo hatarini. Berger akaamini kwamba fikra zake zilisafiri. Alitumia maisha yake kutafuta nguvu hiyo, na ingawa hakuipata, mwaka 1924 alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa mtu kutoka juu ya kichwa, akayachapisha mwaka 1929. Kofia zinazosoma mawimbi ya umeme ya ubongo leo zimetokana na kazi hiyo.

Wakati huo imani ya wataalamu ilikuwa ngumu kama jiwe. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyezichora seli za neva kuliko yeyote kabla yake, alikuwa ameandika kwamba kwa mtu mzima njia za neva zimekwisha kujengwa; huweza kufa, haziwezi kuzaliwa upya. Kauli hiyo ilihukumu mamilioni ya watu wenye kiharusi. Kama ubongo haubadiliki, mazoezi ni ya nini?

Kisa kilichonigusa kuliko vyote katika historia hii ni cha Pedro Bach-y-Rita, mshairi na mwalimu wa chuo huko New York, aliyepatwa na kiharusi mwishoni mwa miaka ya 1950. Madaktari walikata tamaa. Mwanawe George, mwanafunzi wa udaktari ambaye hakuwa bado amefundishwa kukata tamaa, alimlaza baba yake chini na kumfundisha kutambaa kama mtoto mchanga, kisha kupiga magoti, kisha kusimama. Kazi za nyumbani ziligeuzwa mazoezi. Mzee alirudi kufundisha. Mwaka 1965 alifariki akiwa safarini milimani huko Kolombia, na ubongo wake ulipochunguzwa, kidonda cha kiharusi kilikuwa palepale, kikubwa, hakijapona. Sehemu nyingine za ubongo zilikuwa zimejifunza kazi ya zile zilizokufa. Mwana wa pili, Paul, alikuja kuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa fikra kwamba ubongo wa mtu mzima hujijenga upya.

Mambo yakaanza kufuatana upesi. Mwaka 1969 Eberhard Fetz alionyesha kwamba kima anaweza kujifunza kuongeza kasi ya seli moja ya ubongo wake mwenyewe ikiwa anazawadiwa chakula. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Los Angeles alibuni jina la chombo cha kuunganisha ubongo na kompyuta. Mwaka 1980 Merton na Morton wa London walifaulu kuuchochea ubongo kwa umeme kupitia fuvu zima, lakini kipigo kiliuma. Mwaka 1985 Anthony Barker wa Sheffield akaliondoa tatizo hilo: aliweka koili ya waya juu ya kichwa, akapitisha humo umeme mkali wa kufumba na kufumbua, koili ikazaa sumaku, sumaku ikapenya mfupa bila maumivu, na ndani ya ubongo ikazaa umeme tena. Kidole cha mtu mzima aliye macho kikacheza bila yeye kutaka.

Kisangani katika miaka hiyo ilikuwa na yake. Chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1963, mwaka mmoja kabla mji haujatekwa katika uasi wa Simba. Kikamezwa na chuo kimoja cha taifa mwaka 1971, kikarudishiwa uhuru mwaka 1981 kwa jina la Chuo Kikuu cha Kisangani.

1993–2002: Sumaku yaikuta konzo

Katikati ya miaka ya 1980, baada ya ukame, konzo ililipuka Tarime, mkoa wa Mara, Tanzania. Msumbiji ilikuwa imekwisha kupata mlipuko wake mwaka 1981. Mabishano yakawa makali. Kundi moja la watafiti lilisema ni virusi. Jingine, alilokuwamo Hans Rosling wa Sweden, lilisema ni sumu ya sianidi katika mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, kwa watu ambao njaa haikuwapa chakula kingine.

Wagonjwa wawili Watanzania walichunguzwa kwa vyombo mbalimbali, na ripoti ikatoka mwaka 1993. Picha za ubongo na uti wa mgongo zilionyesha kila kitu ni sawa. Lakini koili ya sumaku ilipowekwa juu ya vichwa vyao, misuli haikujibu, hata ya mikono iliyoonekana karibu nzima. Njia inayoshusha amri kutoka ubongoni ilikuwa imekatika mahali ambapo picha haikuona. Mwaka 2002 daktari Mkongo, Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzake, alichapisha uchunguzi wa njia hiyohiyo kwa wagonjwa wa konzo wa Kongo, akitumia umeme na sumaku pamoja.

Nasimama hapa makusudi. Mtu akisoma habari za kuchochea ubongo hudhani ni mambo ya Boston na Berlin tu, sisi tunayapokea yakiisha kuchakaa. Si kweli. Mkulima wa mihogo wa Tarime na Mkongo mwenye miguu iliyokakamaa walikuwa ndani ya sayansi hii ikiwa bado changa, na miili yao iliifundisha dunia jambo. Njia waliyosaidia kuipima ndiyo inayokatwa na kiharusi. Leo daktari akitaka kukisia kama mkono wa mwenye kiharusi utarudi, huweza kuweka koili upande ulioumia: kidole kikicheza, hata kidogo, barabara bado ipo.

1998–2012: Johnny Ray, siku sita za Juni, na kahawa

Desemba 1997 Johnny Ray, mfanyakazi wa ujenzi wa Georgia, Marekani, alipata kiharusi cha shina la ubongo. Akili ilibaki timamu, mwili wote ukafungwa. Aliongea kwa kufumba na kufumbua macho. Mwaka uliofuata daktari Philip Kennedy alimpandikiza ubongoni elektrodi ya kioo yenye umbo la koni, ambayo seli za neva zilikua na kuingia ndani yake. Baada ya miezi ya mafunzo, Ray aliweza kuisogeza alama kwenye kompyuta kwa fikra na kuandika herufi baada ya herufi. Kiunganishi cha ubongo na kompyuta kikawa kimemfikia mtu wa kiharusi. Alifariki mwaka 2002.

Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Makombora yaliangukia nyumba, makanisa, shule na hospitali. Mwaka huohuo, Göttingen, Ujerumani, Michael Nitsche na Walter Paulus walichapisha kwamba umeme hafifu mno, wa miliampia moja tu, ukipitishwa juu ya fuvu kwa dakika chache, huubadilisha wepesi wa ubongo kuamka hata baada ya kuzimwa. Chombo chao ni sahili kiasi kwamba betri ya volti 9 inaweza kukiendesha. Nazikumbuka siku zile sita tukiwa tumelala sakafuni, na ninapoiweka karatasi ile ya Göttingen kando ya kumbukumbu hizo, naelewa kwa nini mji fulani huendelea na mwingine huchelewa. Jambo hilo halina uhusiano wowote na akili za watu.

Mwaka 2012 dunia ilionyeshwa video ya Cathy Hutchinson, aliyefungwa na kiharusi tangu 1996. Kipande kidogo chenye elektrodi 96 kilikuwa ubongoni mwake. Alikaza fikra, mkono wa roboti ukaishika chupa, ukaileta mdomoni, akanywa kahawa kwa mrija. Ilikuwa miaka karibu 15 tangu ajinyweshe mwenyewe. Kisha akatabasamu, na tabasamu lile ndilo walilolikumbuka wengi.

2008–2021: Umeme peke yake haukutosha

Nyuma ya tabasamu lile kulikuwa na safu ya majaribio yaliyoanguka. Kampuni ya Northstar ilipandikiza elektrodi juu ya ubongo wa watu wenye kiharusi ili kuusukuma wakati wa mazoezi. Mwaka 2008 ikatangaza kwamba jaribio lake kubwa halikuonyesha tofauti iliyotarajiwa. Sumaku nayo ilipimwa. Nadharia ilikuwa nzuri: upande mzima wa ubongo huukandamiza upande ulioumia, basi tuupoze mzima ili mgonjwa apumue. Jaribio la watu 199, lililochapishwa mwaka 2018, liliwagawa kati ya sumaku ya kweli na ya bandia. Waliopata ya kweli, asilimia 67 walipata nafuu ya maana. Waliopata ya bandia, asilimia 65.

Wengi waliisoma ripoti hiyo kama msiba. Mimi naisoma tofauti. Makundi yote mawili yalifanya mazoezi ya mkono, mengi na ya makini, chini ya mtaalamu. Theluthi mbili ya watu, miezi kadhaa baada ya kiharusi, walisogea mbele kwa sababu walifanyishwa kazi.

Umeme ulipofaulu, ulifaulu kwa kufungwa pamoja na nia na tendo. Mwaka 2013 kundi la Ander Ramos-Murguialday na Niels Birbaumer, huko Tübingen, liliwachukua watu 32 ambao hawakuweza kukunjua vidole. Kofia ilisoma mawimbi ya ubongo. Mgonjwa alipotaka kufungua mkono, ubongo ulitoa alama yake, na kifaa kilichovalishwa mkononi kikaufungua papo hapo. Kundi la pili lilivalishwa kifaa kilekile, lakini kiliufungua mkono kwa bahati nasibu. Wote walifanya mazoezi ya viungo baadaye. Waliopata nafuu zaidi ni wale ambao nia na tendo vilikutana. Nafuu yenyewe ilikuwa ndogo, lakini sababu yake ilieleweka: ubongo hujifunza pale amri yake inapotiiwa kwa wakati.

Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha vyombo viwili vya namna hiyo. Aprili ilikuwa zamu ya IpsiHand, kofia na glavu ya roboti iliyotokana na kazi ya Eric Leuthardt wa St. Louis, ambayo husoma nia kutoka upande mzima wa ubongo, kwa kuwa ule mwingine umeumia. Agosti ikawa zamu ya Vivistim, chombo kinachopandikizwa kifuani na kuchochea neva ya vagasi shingoni kila mgonjwa anapofanya zoezi. Katika jaribio la watu 108, karibu nusu ya waliochochewa walipata nafuu ya maana baada ya miezi mitatu, dhidi ya robo ya wale waliofanya mazoezi bila kuchochewa. Hata hapo, chombo hakifanyi kitu mgonjwa akikaa tu.

Lubunga

Kiharusi huwapata watu takribani milioni 12 duniani kila mwaka, na wengi wa wanaokufa wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Vyombo nilivyovieleza bado viko mbali na Kisangani. Lakini hapa mjini kuna makine, kama tunavyowaita wataalamu wa kunyoosha viungo, na kuna kituo cha walemavu ambacho aliyekipa jina alichagua neno moja la Kiswahili lenye kutosha: Simama.

Hospitali aliyolazwa mama mdogo ilimpa dawa za presha, na dawa hizo naamini zimemzuia asianguke mara ya pili. Ila walimruhusu kurudi nyumbani bila kumwonyesha hata zoezi moja. Kwa miezi mitatu mkono ulikaa kwenye kitambaa shingoni, na sisi tuliompenda tulimfulia, tulimpikia, tulimlisha. Hakuna aliyetuambia kwamba kwa huruma ile tulikuwa tukiufundisha ubongo wake kuusahau mkono.

Mmarekani Edward Taub alikwisha kulijua hilo. Aliona kwamba kiungo kilichodhoofika husahauliwa kwa sababu kile kizima hufanya kazi zote. Basi akakifunga kizima. Mgonjwa huvalishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa sehemu kubwa ya siku, wiki mbili mfululizo, na ule mbovu hulazimishwa kufanya kazi kwa saa nyingi, kazi ndogondogo zinazopandishwa ugumu taratibu. Mwaka 2006 jaribio la watu 222 lilithibitisha kwamba njia hiyo huwasaidia wale ambao bado wana mwendo kidogo wa vidole na kifundo cha mkono, na nafuu ilikuwapo hata mwaka mmoja baadaye.

Kine aliyekuja Lubunga hakuwa na koili wala kofia. Aliangalia kama vidole vinakunjuka hata kidogo, akasema vinatosha. Aliuvika mkono wa kulia wa mama mdogo soksi ya mpira, akaufunga kwa kamba, akaweka mbele yake sinia ya karanga na kikombe cha bati. "Mama, chukua moja, utie humu. Usisaidiwe na mtu." Siku ya kwanza alitia karanga mbili kwa nusu saa, akalia, akatutukana wote. Kine alikaa kimya, akamsogezea sinia karibu. Wiki ya tatu tulikuwa nje jikoni tukisikia tu mlio wa karanga kwenye bati, mmoja, kisha kimya kirefu, kisha mwingine.